Chati ya udhibiti, sampuli ya mafungu au utafiti wa kaya: ipi inafaa kuwatafuta watoto walioachwa nyuma na chanjo?

Halmashauri inayotaka kujua kama chanjo inawafikia watoto wa kata zake zote kwa usawa, au kama kata chache za mjini ndizo zinazoupandisha wastani wa wilaya nzima, ina njia tatu za kitakwimu za kuchagua. Ya kwanza ni chati ya udhibiti, inayochorwa kutokana na taarifa ambazo zahanati na vituo vya afya hutuma kila mwezi. Ya pili ni uhakiki wa ubora kwa sampuli za mafungu, ambao watu wa afya wameuzoea kwa kifupi cha LQAS, na ambao hutembelea watoto wachache sana katika kila kata. Ya tatu ni utafiti wa kaya wenye sampuli kubwa, unaoweza kuwapanga watu kuanzia maskini kabisa hadi wenye nafasi na kuonyesha pengo lililopo kati yao.

Njia mbili za kwanza zilitoka kiwandani, ya tatu ikatoka kwa wachumi na wanademografia. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba mbili za kwanza ni za ubora na ya tatu peke yake ndiyo ya usawa. Mgawanyo huo unapotosha, kwani LQAS hutumiwa kila mara kuamua kata ipi iongezewe nguvu, na huo tayari ni uamuzi juu ya usawa. Ninazilinganisha hapa kwa maswali mawili ambayo kwa maoni yangu yanatangulia mengine yote: matokeo yatazaa uamuzi gani, na ni mtoto gani ambaye njia hiyo haiwezi kumwona.

Zilikotoka, na dhana zilizokuja nazo

Mwezi wa Mei 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kiwanda kilichotengeneza vifaa vya simu nchini Marekani, aliwaandikia wakubwa wake waraka mfupi wenye mchoro wa kwanza wa chati ya udhibiti. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mchakato huyumba, na kwamba kuyumba huko kuna aina mbili: kule kunakotokana na mfumo wenyewe, ambako hakuna fundi mmoja wa kulaumiwa, na kule kunakotokana na sababu mahususi inayoweza kutafutwa na kuondolewa. Meneja anayechanganya aina hizo mbili huadhibu watu kwa bahati mbaya na kuwapongeza kwa bahati nzuri.

Katika miaka hiyohiyo Harold Dodge na Harry Romig walishughulikia swali jingine: ukiletewa fungu la bidhaa, ukague ngapi kabla ya kulipokea au kulikataa? Jibu lao lilitaja wazi hatari mbili ambazo hakuna ukaguzi wa sampuli unaoziepuka. Hatari ya mzalishaji ni fungu zuri kukataliwa kimakosa, na hatari ya mlaji ni fungu baya kupokelewa. LQAS ni mbinu hiyo ikihamishiwa kwa watu. Kata inakuwa fungu, mtoto anachukua nafasi ya bidhaa inayokaguliwa, na mlaji, ukifikiri vizuri, ni mtoto huyohuyo.

Uhamisho huo una kasoro moja ambayo hainiachi kila ninaposoma ripoti za aina hii. Fungu la kiwandani limetoka kwenye mashine moja, siku moja, kwa malighafi ileile, kwa hiyo vipande vyake vinafanana. Kata haifanani ndani yake. Ina kitongoji kilicho karibu na zahanati na kingine ng'ambo ya mto, ina wenye nyumba wa miaka mingi na wapangaji waliohamia msimu uliopita kutafuta vibarua. Ubora wa kiwandani hupimwa kwa kuona kwamba tofauti zimepungua, ilhali anayechunguza ukosefu wa usawa anazitafuta tofauti zenyewe na kuuliza zinamwangukia nani.

Chati ya udhibiti: nyepesi, ya kila mwezi, na isiyowaona wasiofika

Faida kubwa ya chati ni kwamba takwimu zake zipo tayari. Nchini Tanzania kila kituo hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na majumuisho ya mwezi huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, ambao Kenya na Uganda pia huutumia. Kinachobaki ni kuchora asilimia ya kila mwezi, kuweka mstari wa kati ambao ni wastani wa miezi iliyopita, kisha kuweka vikomo viwili vilivyo umbali wa mikengeuko sanifu mitatu juu na chini ya mstari huo. Mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi takwimu zinavyotawanyika kwa kawaida kuzunguka wastani wake.

Tuchukue kituo cha mfano ambacho kila mwezi kinafuatilia watoto 100 walioanza Penta, chanjo ya dozi tatu inayokinga magonjwa matano, na ambacho kwa kawaida asilimia 80 kati yao hurudi kwa dozi ya tatu. Vikomo vyake vitaangukia asilimia 68 na asilimia 92. Mwezi utakaotoa asilimia 72 utamtia wasiwasi mganga mfawidhi, lakini chati itamwonyesha kwamba mfumo wake huyumba kiasi hicho bila tukio lolote jipya. Zahanati yenye watoto 25 tu kwa mwezi, kwa wastani uleule, kikomo chake cha chini kinashuka hadi asilimia 56, na cha juu kinapita 100, yaani hakipo kabisa. Hapo ndipo panapoonekana ubaya wa jedwali la nafasi linalosomwa kwenye vikao vya tathmini, kituo cha kwanza hadi cha mwisho: zahanati ndogo zitaonekana juu kabisa mwezi huu na chini kabisa mwezi ujao, kwa sababu tu ni ndogo. Anayetaka kulinganisha vituo vingi kwa wakati mmoja achore mchoro wa faneli, ambao David Spiegelhalter aliutetea mwaka 2005 kwa ajili ya kulinganisha hospitali za Uingereza. Katika mchoro huo vikomo huwa vipana upande wa vituo vidogo na hukaribiana kadiri idadi ya wateja inavyoongezeka, kwa hiyo kila kituo kinahukumiwa kwa kipimo kinacholingana na ukubwa wake.

Chati ya Shewhart ina udhaifu ambao kiwandani si mzito lakini katika huduma za jamii unaumiza. Mambo yanapokuwa shwari, hutoa kengele ya uongo kwa wastani mara moja katika nukta 370 hivi, nukta ikiwa ni kipimo kimoja kilichochorwa, na hilo ni jema. Lakini ikitokea hali imeshuka kwa mkengeuko sanifu mmoja, inaweza kuhitaji kwa wastani nukta 44 kabla nukta moja haijatoka nje ya vikomo. Kiwandani, ambako nukta huchukuliwa kila saa, hiyo ni siku mbili tatu. Kwenye zahanati, ambako nukta ni mwezi, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu, na mtoto aliyezaliwa hali ilipoanza kuharibika atakuwa anakaribia kuanza shule ya awali. Dawa zipo mbili. Moja ni kanuni iliyomo katika mwongozo wa Western Electric wa mwaka 1956, kwamba nukta nane mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati zihesabiwe kuwa ishara hata kama hakuna iliyotoka nje. Nyingine ni chati ya majumuisho limbikizi aliyoipendekeza E. S. Page mwaka 1954, inayojumlisha tofauti ya kila nukta na mstari wa kati ili upungufu mdogo unaojirudia uonekane mapema, ambayo ikipangwa kwa namna ya kawaida huligundua badiliko kama hilo baada ya nukta 10 hivi. Kwa takwimu za mwezi singechora chati ya Shewhart peke yake bila mojawapo ya hizi.

Hata hivyo, kwa swali la usawa, tatizo kubwa zaidi ni la kitabu chenyewe. Asilimia ya waliorudi kwa dozi ya tatu huhesabiwa kati ya walioanza. Mtoto ambaye mama yake hakufika kliniki hata siku moja hayupo kwenye kitabu, wala hapunguzi asilimia ya mtu yeyote. Ukijaribu kumrudisha kwa kugawanya kwa idadi ya watoto wote wa eneo, unaangukia kwenye makadirio ya sensa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Katika miaka iliyo katikati, idadi ya watoto wa kata fulani ilikuwa ni makisio, na penye makisio ya chini ndipo panapotokea kata zenye uchanjaji wa asilimia 115. Kwa hiyo chati ya udhibiti inafaa sana kumwambia mganga mkuu wa wilaya kwamba kuna kitu kimebadilika katika kituo fulani, labda friji ya chanjo imeharibika au muuguzi amehamishwa bila mbadala. Haifai kumwambia nani ameachwa.

Sampuli ya mafungu: watoto 19 na kanuni ya 13

LQAS huanzia mlangoni mwa kaya, na hapo tu tayari imeipita chati kwa swali letu. Wilaya hugawanywa katika maeneo ya usimamizi, mara nyingi matano au zaidi. Katika kila eneo huchaguliwa sehemu 19 kwa kuzingatia wingi wa watu wa vijiji au mitaa, na katika kila sehemu kaya moja hupatikana kwa bahati nasibu. Mhoji huomba kadi ya kliniki, huuliza, huandika, huondoka. Mwisho wa kazi msimamizi huhesabu wangapi kati ya 19 wamekamilisha chanjo na kulinganisha na namba ya uamuzi. Kama lengo ni asilimia 80, namba hiyo ni 13: eneo lenye watoto 13 au zaidi waliochanjwa hupita, na lenye 12 au pungufu huwekwa katika orodha ya kushughulikiwa. Uganda imekuwa ikiitumia njia hii wilayani tangu miaka ya 2000, na mojawapo ya sababu za kupendwa kwake ni kwamba watumishi wa wilaya wenyewe wanaweza kukusanya, kujumlisha kwa mkono kwenye karatasi na kujadili matokeo bila kungoja wataalamu kutoka makao makuu.

Kwa nini 19, na kwa nini 13? Hesabu ya uwezekano inajibu. Eneo ambalo kweli limefikia asilimia 80 litakataliwa kimakosa katika asilimia 7 hivi ya sampuli zote zinazowezekana. Eneo ambalo liko asilimia 50 litapitishwa kimakosa katika asilimia 8 hivi. Hatari zote mbili ziko chini ya asilimia 10, na kuongeza watoto kutoka 19 hadi 25 hakuzipunguzi kwa kiasi kinacholingana na kazi yake. Zaidi ya hayo, maeneo matano yenye watoto 19 kila moja yanatoa watoto 95 kwa wilaya nzima, idadi inayotosha kukadiria uchanjaji wa wilaya kwa kosa la takriban pointi 10 za asilimia juu au chini, mradi kila eneo lipewe uzito kulingana na wakazi wake. Kazi moja inazaa majibu mawili, na ndiyo maana sampuli inayoonekana ndogo kiasi cha kuchekesha imedumu.

Tatizo liko katikati. Eneo lenye uchanjaji halisi wa asilimia 65 litapita kwa uwezekano wa asilimia 48, ambao hauna tofauti kubwa na kurusha shilingi. Waliobuni kanuni hii hawakukosea. Walichagua kwa makusudi kutofautisha 80 na 50, na yaliyo katikati wakayaacha katika ukungu. Wanaokosea ni waandishi wa ripoti wanaoandika kwamba kata zilizopita «zimefikia asilimia 80». Kata iliyopata 13 kati ya 19 imeonyesha asilimia 68 katika sampuli yake, na kupita kwake kunamaanisha tu kwamba haikuonekana kuwa miongoni mwa mbaya zaidi. Ningependa mtu yeyote anayetumia LQAS aandike maneno hayo ukurasa wa kwanza wa ripoti yake.

Mtu akilinganisha kanuni hii na ile inayotumiwa baada ya kampeni za chanjo ya polio, ataona jinsi namba ya uamuzi inavyobeba msimamo. Polio iliporudi kusini mwa Afrika, baada ya Malawi kutangaza mgonjwa Februari 2022, Tanzania, Zambia na Msumbiji zilifanya kampeni pamoja nayo. Katika ukaguzi wa kampeni za aina hiyo, kanuni ya kawaida ni kukagua watoto 60 katika vikundi 6 vya watoto 10, na eneo hupitishwa kwa kiwango cha asilimia 90 ikiwa tu waliokosa chanjo hawazidi 3. Tukichukulia kwa urahisi kwamba watoto walichaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu, eneo lililofikia asilimia 90 kamili lingepita kwa uwezekano wa asilimia 14 tu. Ili kupita kwa uhakika, linahitaji kuwa juu zaidi ya 90. Kanuni ya 13 kati ya 19 humpa kiongozi wa kata faida ya shaka, wakati kanuni ya polio humpa mtoto. Zote mbili ni takwimu sahihi, na hakuna fomula itakayochagua kati yake.

Na kuna kasoro ya fungu lisilofanana niliyoigusa mwanzoni. Kata iliyofikia asilimia 80 kwa kweli inaweza kuwa na watoto wasiochanjwa waliotawanyika kila kitongoji, au inaweza kuwa na kitongoji kimoja, tuseme kambi ya wavuvi, ambamo karibu hakuna aliyechanjwa. LQAS itatoa jibu lilelile kwa kata zote mbili, ingawa surua haitazitendea sawa, kwani mlipuko huhitaji watoto wasiochanjwa wanaoishi pamoja. Watoto 19 hawatoshi kuona ndani ya kata. Ikiwa tayari unajua, kama watendaji wa vijiji wanavyojua, kwamba kambi ile ni ulimwengu wake, ifanye kuwa eneo la usimamizi linalojitegemea na uipe watoto wake 19, badala ya kuimeza ndani ya kata na kutumaini kwamba bahati nasibu itaipitia.

Utafiti wa kaya: njia pekee ya kupima pengo lenyewe

Njia mbili zilizotangulia hupima kiwango cha mahali, wala haziwezi kusema kama mtoto wa kaya maskini ana nafasi ndogo kuliko mtoto wa kaya yenye uwezo. Kwa hilo unahitaji kila mtoto awe na taarifa mbili: amechanjwa au la, na kaya yake ina hali gani. Tafiti za afya na idadi ya watu hufanya hivyo kwa kuuliza sakafu, paa, chanzo cha maji, redio, simu na mifugo, kisha kuzijumlisha kuwa kipimo kimoja cha utajiri wa kaya, mtindo ulioenea baada ya kazi ya Deon Filmer na Lant Pritchett ya mwaka 2001. Kaya zikipangwa kwa kipimo hicho na kugawanywa katika makundi matano sawa, pengo linaonekana.

Gharama yake ni ukubwa. Utafiti wa Kenya wa mwaka 2022 ulichagua vikundi 1,692 vya kaya 25 kila kimoja, na kwa ukubwa wote huo makadirio yake yanaishia ngazi ya kaunti 47. Anayetaka kujua kata yake atatoka mikono mitupu. Hata ule utafiti mwepesi wa vikundi 30 vya watoto 7, uliokuwa mkongojo wa programu za chanjo kwa miongo kadhaa, ulibuniwa kutoa namba moja kwa eneo zima kwa kosa la pointi 10, bila neno lolote juu ya kila kikundi kati ya vile 30. Nimeona watu wakichukua watoto 7 wa kijiji kimoja na kutangaza asilimia ya kijiji hicho, jambo ambalo sampuli hiyo haikuahidi kamwe.

Ukishakuwa na takwimu za kaya, kuna uchaguzi wa pili ambao hupewa uzito mdogo kuliko unavyostahili, nao ni kipimo kipi cha pengo utumie. Tuseme uchanjaji wa kundi maskini zaidi ulikuwa asilimia 20 na wa kundi tajiri zaidi asilimia 40, na miaka baadaye ikawa 70 na 90. Tofauti ya kutoa imebaki pointi 20, kwa hiyo mtu anaweza kusema usawa haukubadilika. Uwiano umeshuka kutoka 2 hadi karibu 1.3, kwa hiyo mwingine atasema usawa umeboreka. Wa tatu atahesabu wasiochanjwa, ambao walikuwa 80 kwa 60 na sasa ni 30 kwa 10, na kusema kwa haki kwamba hatari ya mtoto maskini kukosa chanjo ilikuwa mara 1.3 ya mwenzake na sasa ni mara 3. Takwimu ni zilezile. Ripoti yoyote inayotoa kimojawapo peke yake inapaswa kutiliwa shaka, hasa ikiwa mwandishi wake ndiye aliyesimamia programu.

Wachumi wana kipimo kinachotumia kaya zote badala ya ncha mbili, faharisi ya mkusanyiko, ambayo ni ndugu wa kipimo cha Corrado Gini cha mwaka 1912 na hutumia mchoro unaofanana na ule wa Max Lorenz wa mwaka 1905. Watu hupangwa kwa utajiri, kisha huangaliwa chanjo imelimbikizwa upande gani. Sifuri maana yake hakuna upendeleo, thamani chanya maana yake wenye nafasi ndio wanaonufaika zaidi. Ni kipimo kizuri kwa vitu vinavyohesabika bila kikomo, kama matumizi ya fedha. Kwa jambo lenye majibu mawili tu, kuchanjwa au kutochanjwa, Adam Wagstaff alionyesha mwaka 2005 kwamba kinabanwa na wastani wenyewe: uchanjaji ukiwa asilimia 50, faharisi haiwezi kuzidi 0.5, na ukiwa asilimia 90 haiwezi kuzidi 0.1. Kwa hiyo inaweza kushuka mwaka hadi mwaka kwa sababu tu huduma imeongezeka, hata kama wote waliobaki nje ni maskini. Kwa matumizi ya wilaya ningeshikilia jedwali la makundi matano lenye asilimia za kila kundi, ambalo diwani anaweza kulisoma mwenyewe na kuuliza maswali.

Uchaguzi kwa halmashauri

Wilaya isifanye utafiti wake wa kaya kwa ajili ya chanjo. Isome ule wa taifa, ichukue pengo la mkoa au kaunti yake kuwa dokezo la ukubwa wa tatizo, na fedha zake izitumie kwa LQAS mara moja au mbili kwa mwaka, pamoja na chati za udhibiti za kila mwezi katika vituo vikubwa. Chati zitaonyesha lini mambo yalibadilika, LQAS itaonyesha wapi pa kupeleka gari, na kwa mtoto asiyefika kliniki ni LQAS tu kati ya hizo mbili inayoweza kumfikia. Anayetetea bajeti mbele ya bunge au wafadhili kwa hoja ya tofauti kati ya tajiri na maskini ndiye anayehitaji utafiti mkubwa, na hapaswi kujaribu kutumia sampuli za mafungu badala yake.

Wapo wanaopendekeza kuongeza maswali ya paa na sakafu katika dodoso la LQAS ili kupata vyote kwa pamoja. Si vibaya, lakini hesabu ni kali. Ukigawanya watoto 95 wa wilaya kuwa maskini 40 na wengine 55, na uchanjaji ukiwa karibu asilimia 70, kosa la tofauti kati ya makundi hayo ni pointi 19 hivi juu au chini. Pengo la pointi 30 litaonekana, la pointi 12 halitaonekana, na kutoonekana kwake kutasomwa na wengi kuwa ushahidi kwamba halipo.

Ningependa zaidi nguvu hiyo ielekezwe kwenye namba ya uamuzi. Wilaya ikipandisha kanuni kutoka 13 hadi 15 kati ya 19, kata zenye asilimia 65 zinazopita kimakosa zitashuka kutoka 48 katika kila 100 hadi 15, na zenye asilimia 50 zitapita mara moja tu katika 100. Bei yake ni kwamba theluthi moja ya kata zilizofikia asilimia 80 nazo zitawekwa kwenye orodha ya kutembelewa. Kiwandani, kukataa fungu zuri ni hasara kamili, kwa maana bidhaa nzuri inarudishwa. Wachanjaji wakipelekwa kimakosa katika kata yenye asilimia 80, bado watakuta humo mtoto mmoja katika kila watano hajakamilisha chanjo.